Hamira na Tanuri Lililokatazwa Moto

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, mtoto wa kwanza wa mwoka mikate na mkewe, katika chumba kilichopakana na tanuri. Mama yake alizoea kusimulia kwamba kichanga kilipolia, alikilaza karibu na ukuta, joto likakibembeleza. Walimwita Hamira kwa sababu hakukubali kufunikwa: umemlaza kitandani, ukigeuka amefumuka hadi mlangoni.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979. Mwalimu wa hesabu alimhamishia dirishani, kwa kuwa alinukia mkate na kuwatia wenzake njaa kabla ya mapumziko. Kisha akaingia kazini kwa baba yake, na hakujua kazi nyingine. Alipitisha mkono kwenye kinywa cha tanuri akasema, "Bado," au, "Tayari." Kipimajoto alichonunuliwa kilibaki msumarini kama pambo.

Mwaka 1988 alimwoa fundi cherehani aliyekuja dukani kulalamika kwamba mkate umeungua. "Basi njoo uoke wewe," alimwambia. Akaja. Walijaliwa mabinti wawili.

Wazazi walipofariki, tanuri lilibaki kwake na mdogo wake wa kike. Dada huyo alitaka libomolewe, liwekwe la umeme. Hamira alikwenda mahakamani akapata zuio la muda: tanuri libaki kama lilivyo hadi kesi iishe. Kwa hofu kwamba dada yake angelipasua kwa moto mkali, alimwomba wakili aongeze kuwa lisiwashwe na mtu yeyote. Dada akakata rufaa. Hamira aliamini lingekuwa jambo la wiki chache.

Jaji akahamishwa. Jalada likachelewa. Tarehe zikasogezwa, na mvua zikaingia. Tanuri hilo la matofali na udongo, ambalo halikuwahi kupoa tangu enzi za babu yao, likanyonya unyevu miezi mizima, na kuliwasha kungekuwa kuidharau mahakama. Alasiri moja dada yake, ambaye walikuwa hawasemezani, alimpigia simu.

"Kaka, limeanguka."

"Nani kalibomoa?"

"Hakuna mtu, kaka. Limekaa chini lenyewe."

Siku ya rufaa majaji waliuliza zuio hilo sasa linazuia nini. Mawakili wote wawili waliinamia karatasi zao. Rufaa ikaondolewa bila kuamuliwa, kwa kuwa hakikubaki cha kuamua. Pale kwenye ngazi za mahakama, dada akamuuliza, "Haya, Bwana Hamira, kashinda nani?"

"Mvua," alijibu. "Na haikuwa hata na wakili."

Wakacheka hadi wakakaa chini. Jumatatu iliyofuata walianza kulijenga upya kwa matofali yaleyale, yeye akipanga, dada akikanda udongo, wakigombana kuhusu dohani tu.

Marehemu hakuugua. Hapo ndipo akili zetu zimekwama hadi sasa. Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024 walifunga kuba la tanuri. Ijumaa asubuhi alikuwa akipasua kuni nyembamba za moto wa kwanza, ule wa kukausha udongo, akamtuma dada yake kiberiti. Dada aliporudi alimkuta ameketi, mgongo kwenye tanuri, shoka magotini. Akamnyooshea kiberiti. Alibaki hivyohivyo, mkono umenyooka, mpaka wifi yake alipotokea jikoni na kupiga ukelele. Daktari alisema ni moyo. Hakuna kati yetu aliyewahi kuusikia moyo huo ukilalamika. Majirani walioletewa habari walijibu, "Hamira yupi? Mbona jana alikuwa juu ya ngazi anaimba?"

Jana baba yao mdogo alimsihi dada, "Mwanangu, huo moto ungoje kwanza tumzike mwenzako."

"Baba mdogo, tazama wingu lile," alijibu. "Mara ya kwanza tulingoja."

Hamira ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, baba mdogo, na dada yake, ambaye mtamwona leo amesimama kando ya kaburi akinuka moshi. Kaka yake alikuwa ameagiza moto wa kwanza uwe mdogo, wa kupasha mikono joto tu. Umewashwa alfajiri ya leo, kwa kuni alizozipasua mwenyewe.

Apumzike. Ukuta umeanza kupata joto.