Wembe wa Matanga na Kichwa Changu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe tena, moja haitoshi!

Mimi ni Mama Riziki, mnanijua, ile sauti ya juu ya kwaya ya wamama. Sijui kusema polepole, mnivumilie.

Mume wangu, Baba Riziki, alirudi kutoka machimbo ya Salamabila juu ya pikipiki, homa imemkaza, na hakumaliza juma. Kwa desturi ya nyumba yao, mjane na dada za marehemu wananyolewa kichwa kwa wembe, na nywele haziruhusiwi kuota mpaka matanga yaondolewe. Mama mkwe ndiye aliyeshika wembe. Kila Jumamosi tuliketi uani, mimi na mawifi zangu wawili, naye akatunyoa mpaka ngozi ing'ae.

Wenzangu vichwa vyao vilibaki laini kama yai. Mimi, ole wangu! Kisogo kikatoa vipele, vipele vikatoa usaha, na Jumamosi ikifika wembe unapita papo hapo. Niliuma kitambaa nisipige kelele. Watu wakaanza kunong'ona, mwisho mama mkwe akasema mbele ya wote:

“Wembe ni moja, vichwa ni tatu. Juu ya nini kichwa yako tu ndiyo inaoza?”

Ndugu zangu, mnajua neno hilo linaelekea wapi. Kwamba marehemu anamwonyesha aliyemuua! Wakaita kikao cha ukoo. Nilikuwa wa kufukuzwa, na Riziki na mdogo wake wabaki kwao. Watoto wangu!

Asubuhi ya kikao nilipiga magoti jikoni, nikasema: Mungu, sina wa kunitetea. Ngozi hii umeiumba Wewe, basi jibu Wewe.

Mnafikiri alituma malaika? Hapana! Alimwinua wifi yangu mkubwa, yule tuliyenuniana miaka kwa ajili ya sufuria! Alisimama katikati ya wazee, akamtazama mama yake.

“Mama, umesahau marehemu kaka? Kila akinyoa ndevu, kidevu yake ilikuwa inavimba hivi hivi. Yeye alikuwa ameua nani?”

Mama mkwe akajifunika uso, akalia kwa sauti, maana ni yeye aliyekuwa akimkanda mwanawe kidevu kwa maji ya moto. Wazee wakaondoka mmoja mmoja, na wembe haukunigusa tena.

Baadaye muuguzi wa kituo cha afya alitueleza. Kuna nywele zinazojikunja sana. Zikikatwa karibu mno, ncha inarudi ndani ya ngozi, panavimba. Ngozi ya huyu inavumilia wembe kila juma, ya yule haivumilii, na dawa ya kwanza ni kuacha kunyoa. Kumbe! Hakuna damu ya mtu pale, ni unywele tu umepotea njia!

Wewe unayeshtakiwa bure leo, usikimbie. Mtegemee Mungu, anaweza kukutetea kwa kinywa cha mtu usiyesalimiana naye. Nawe uliyeshika wembe, tazama kwanza kichwa kilichoko mbele yako.

Sasa ninafungua kitambaa. Tazameni! Nywele zimejaa, kisogo kimepona, na misuko hii ni ya jana. Aliyenisuka ndiye yule aliyeshika wembe, ameketi benchi ya pili.

Mama, inua mikono yako, waione.