Mama Emérence Kitsa, aliyetumia barabara ya Bulengera kama taa

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Mama Emérence Kitsa, mpiga picha za barabara wa imprimerie yetu, nyumba hii ya uchapaji hapa Butembo, anaingia kwenye pumziko tarehe 31 mwezi huu wa saba. Comité ya wafanyakazi ilitafuta mtu wa kuandika maneno ya kumuaga, ikanichagua mimi, Maliro wa kitengo cha picha. Ilichagua vizuri. Marie-Jeanne wa secrétariat amenisafishia herufi, mais vichekesho hakuvigusa, maana hata yeye alicheka.

Kwa mgeni ambaye hajui: kila mwaka imprimerie yetu inatoa kalenda kubwa, ile inayotundikwa madukani, maparokiani na sebuleni toka Lubero hadi Beni. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, za watu wa barabara waliokamatwa wakiwa katika mambo yao, bila kujipanga. Zote ni za Mama Emérence. Kama kalenda yetu iko kwako, basi umekula sombe mwaka mzima mbele ya kazi yake, na pengine hukumshukuru.

Alianzia Beni, katika studio ndogo karibu na soko, kwa picha za passport mbele ya kitambaa cha buluu. Courant ya umeme ilikuwa inakatika kila mara, donc aliwasogeza wateja mlangoni. Hapo ndipo alipoona jambo: mtu akisimama hatua moja ndani ya mlango, uso akiuelekeza barabarani, mwangaza unamjia mzima mzima, na nyuma yake nyumba inabaki nyeusi kama kitako cha sufuria. Uso unatoka kwenye giza kana kwamba umeitwa kwa jina. Picha zilikuwa nzuri kupita kiasi. Bureau moja ikazirudisha, eti mtu wa kitambulisho hapaswi kuonekana anawaza.

Jua la Beni halina heshima. Saa sita mchana linamwangukia mtu kichwani na kumchimbia mashimo mawili mahali pa macho. Saa hizo Mama Emérence alikimbilia sokoni chini ya mabati yaliyotobolewa na misumari ya zamani. Mwangaza ulipenya pale kwa punje, punje moja kwenye bega la muuza samaki, nyingine kwenye kisu chake, nyingine kwenye shavu la mtoto mgongoni. Alipima mwangaza kwa zile sehemu nyeupe, vivuli akaviacha vijitegemee. Wapiga picha wengi wanaogopa weusi kwenye picha. Yeye aliupenda, akausambaza kwa wingi kama mtu anayepaka mafuta.

Alipohamia Butembo alikuta ukungu wa asubuhi na baridi ya vilima, akalaani. Wiki nzima alikaa bureau akinywa chai na kusema mji huu hauna jua. Halafu siku moja akatoka, akawapiga picha wamama wazee wakirudi misa ya kwanza. Ukungu ulikuwa umewafuta mikunjo ya nyuso, ukawaachia macho tu. Wamama walipoziona zile picha walianza kumtafuta wenyewe, kila mmoja akidai kwamba bahati tu ilimpitisha pale.

Na rangi? Hakuitaka, hata baada ya film kwisha madukani na sisi wote kuingia kwenye kamera za kisasa. Alisema: "Mutu akivaa kitenge ya manjano, jicho inakula kitenge, sura inabaki na njaa." Flash nayo aliiita radi ya kukodi.

Mazoea yake yaliwachanganya watu. Kabla ya kupiga, alinyoosha kiganja mbele na kukigeuza polepole, ili aone mwangaza unatoka upande gani na kivuli cha vidole kina ukali gani. Siku moja sokoni Bulengera alisimama hivyo, kiganja wazi, macho ameyafumba nusu. Jemima, anayeuza ndizi, akamwona.

"Maskini mama ya batu," alisema, akamwekea ndizi mkononi.

Mama Emérence aliitazama ile ndizi, akaimenya, akaila. Kisha akampiga Jemima picha akiwa bado anamhurumia. Hiyo picha ni mwezi wa nne wa kalenda ya miaka kadhaa iliyopita, na Jemima mpaka leo anasema yeye ndiye aliyemlea.

Watu wa kwetu wakiona kamera wanasimama mikono chini, kidevu juu, kama wanangoja wimbo wa taifa. Dawa yake ilikuwa ungo wa maharagwe. Alitafuta kwanza mahali ambapo mwangaza ni mzuri, akaketi kando yake na ungo mapajani, akachagua mawe. Aliwaza maharagwe, akaongea maharagwe, mpaka watu wakamsahau. Mimi zamani nilikuwa nawakimbilia watu barabarani kama polisi. Akaniambia: "Maliro, hapana kimbiza mutu. Kaa fasi mwangaza iko, mutu atakuya yee mwenyewe, na atafika amechoka kujipamba." Nilikubali haraka, kwa kuwa nina akili. Leo mimi ni mpiga picha wa pili mjini hapa, na wa kwanza siku Mama akiwa na mafua.

Lazima niseme pia kwamba hakuwa malaika. Hakumsalimia mtu kabla jua halijapanda. Alijua kwamba ni bingwa, na alihakikisha nawe unajua. Siku moja huko Mavivi, karibu na Beni, askari mmoja aliyetoka mkoa mwingine alimwita kwa ukali, kwa sababu kamera ilikuwa imemtazama akiwa ameegemea ukuta mweupe. Sisi tulishaanza kutafuta magoti ya kupigia. Mama akamwonyesha picha: kijana mchovu, nusu ya uso kwenye kivuli cha kofia, nusu nyingine imewashwa na ule ukuta. Askari akasema kwa Lingala, sauti chini, "Mama, pesa ngai oyo," yaani nipe hii, akaomba atumiwe ile picha kwenye simu. Mama akamjibu kwamba ataipata, mais aondoe kwanza mfuko wa risasi ukutani, unaharibu kazi. Aliuondoa!

Bon. Sasa tufike kwenye mwezi huu, kwa maana bila mwezi huu maneno haya yangekuwa ya mazishi.

Karatasi ya kalenda inatoka Uganda, donc oda za mwaka ujao tunazipanga sasa. Mwanzoni mwa mwezi Papa Urbain, directeur wetu, alituita akasema mambo waziwazi: Mama akiondoka, picha za barabara zinaondoka naye. Kalenda itakuwa ya rangi, kila mteja anayetoa oda mbele ya duka lake, kwa flash. "Bateja banataka kuona mabati yabo mapya," alisema. Nafasi ya mpiga picha wa barabara itafungwa, na kamera itakwenda kwenye harusi.

Tulimtazama Mama. Alikuwa anakunja na kukunjua leso. Mtu anaweza kupumzika kazi, mais kuona kazi yenyewe inalazwa pamoja naye ni jambo lingine. Akaomba kitu kimoja: apige picha moja ya mwisho, iwekwe mezani mbele ya wateja siku ya oda, karibu na moja ya rangi. Wakiikataa, atafunga mdomo. Papa Urbain, ambaye si mtu mbaya, akakubali.

Alichagua ule mteremko wa Bulengera ambapo asubuhi jua linaingia kati ya maghala mawili. Kiangazi hiki baiskeli za ndizi, chukudu za mbao zinazobeba mizigo na malori ya Fuso yanainua pale vumbi la ajabu. Mwangaza wa chini ukikutana na vumbi unasimama hewani kama mihimili, na kila anayepita anatokea mweusi akiwa na ukingo wa fedha mabegani. Mama aliuchunguza mteremko ule kama mtu anayechagua shamba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeona kwamba ni vizuri, hata kabla hajaniambia.

Siku ilipofika tulishuka mapema na moto, ile pikipiki ya kazi. Tukakuta barabara ni nyeusi, imelowa toka juu hadi chini. Hapakuwa na vumbi hata la kuchafua kiatu.

Papa Valentin, mwenye quincaillerie, duka la misumari na mabati, na mteja wetu mkubwa kuliko wote, alikuwa amesimama katikati na ndoo, anang'aa kwa furaha. Alikuwa amesikia kwamba Mama Emérence anakuja kupiga picha yake ya mwisho mbele ya duka lake. Na kwetu mgeni wa heshima akipita wakati wa kiangazi, watu wanamwagia njia maji. Basi akaamsha duka kwa duka, majirani wote wakatoa ndoo, kama siku ya askofu.

"Mama, tumekutengenezea njia!" akapaza sauti. "Leo hautakohola hata kidogo!"

"Papa Valentin," Mama akasema polepole, "nani alikutuma?"

"Ni roho yangu tu, Mama."

Jua lilikuwa limeshaanza kuingia kati ya maghala, safi, tupu, bila mhimili hata mmoja. Mimi, kwa ujanja wangu unaojulikana, nikatoa wazo kwamba nizunguke na moto mpaka vumbi lirudi.

"Utainua matope," Mama akaniambia.

Kisha akanyoosha kiganja kama kawaida, akakigeuza, na mara hii akakielekeza chini. Tumbo la kiganja likawaka. Akashuka mpaka usawa wa magoti, akakigeuza tena. Maji yalikuwa yanalirudisha jua juu. Barabara nzima, toka mahali tulipokuwa mpaka kwenye maghala, ilianza kuwa nyeupe kama shuka lililotandikwa, na nyuso za watu zikapata mwangaza kutoka chini, laini, ukiingia chini ya kofia na vitambaa vya kichwa ambako jua la juu halifiki. Mama Emérence akageuza beseni la mtu, akaliketia, akangoja.

Papa Valentin alikuwa ameanza kuelewa kwamba kuna kitu kimekosewa. Akamgeukia mke wake, Mama Mélanie, aliyekuwa mlangoni pa duka, akamwuliza kwa sauti ya chini kama amefanya vibaya.

"Weye?" Mama Mélanie akamjibu ili barabara nzima isikie. "Mi nakuombaka mayi ya kupika, unaniambia mugongo inakuuma. Leo umenywesha Bulengera yote!"

Majirani wakapasuka. Papa Valentin naye akashindwa, akainamisha kichwa kwa aibu, akaikumbatia ndoo kifuani kama mtoto, akacheka. Hapo ndipo kamera ikalia.

Siku ya oda wateja walijaa. Papa Urbain aliweka mezani picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya rangi, aliyoagiza yeye ipigwe kwa flash: Papa Valentin amevaa koti, nyuma yake mabati mapya, macho yamemtoka kama mbuzi aliyekutana na taa ya lori. Ya pili ilikuwa ile ya ndoo. Nyuma yake barabara nyeupe, watu weusi kama vivuli wakipita na mizigo, na yeye katikati, uso umewashwa toka kidevuni, anacheka akitazama chini.

Papa Valentin aliitazama akakunja uso.

"Mutu gani ataweka muzee na ndoo ku ukuta yake?"

Papa Valentin akikataa, wengine wote wanakataa, ndivyo mji huu ulivyo. Mama Emérence alikuwa dirishani, ametupa mgongo, na nikaona leso inaanza tena kukunjwa.

Mama Mélanie akaichukua ile picha, akaipeleka kwenye mwangaza wa dirisha, karibu na Mama.

"Huyu njo mwanaume nilikubaliaka," akasema. "Ile ya rangi, sijue alitokea wapi."

Watu wakacheka, mais kicheko cha chini, cha kumwachia mtu nafasi. Papa Valentin akasimama, akaenda kuangalia juu ya bega la mke wake. Akakohoa.

"Bon. Hii iende mbele kabisa. Mais jina ya duka muandike kubwa."

Baada yake wengine walianza kugombana nani atakuwa mwezi gani, na nani mlango wake una mwangaza wa asubuhi na wa nani una wa jioni. Papa Urbain aliichukua ile ya rangi, akaigeuza kifudifudi mezani, akamwuliza Mama ni nani atapewa kamera. Mama akaninyooshea kidevu.

"Anasemaka mingi," akasema, "mais anaamukaka mapema."

Donc barabara inaendelea, nami nimeshaanza. Shida yangu moja ni Papa Valentin. Toka siku ile anamwaga maji kila asubuhi, kuwe na mgeni au asiwepo, kisha anasimama na ndoo kifuani, kichwa amekiinamisha, anachungulia kama kamera inakuja. Ninampita bila kumtazama. Nitamngoja asahau.

Mama Emérence, wasingya kutsibu, asante sana, kwa mwangaza wote uliotuokotea. Binti yako Rébecca anakungoja Mavivi kati ya kakao zake. Ukae huko kwa amani, na afya, na usingizi mrefu wa asubuhi ambao hukuupata kwa sababu yetu. Jua lichomoze bila wewe mara moja moja. Sisi tuko hapa, tunalichunga.