Kisanduku cha Dirishani

Sogezeni viti, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni, na wewe Wilson zima hiyo simu ya mkononi, leo tunasikiliza simu nyingine. Aikaeli, kaa hapa kichwani pangu. Nikisema, nigeuze mdomo uelekee kisanduku cha dirishani, nikinyamaza, nigeuze sikio, maana shingo yangu nayo imenikataa tangu juzi. Dada yenu Elinipendo yuko ng'ambo ya korongo kwa baba yenu mkubwa Gidioni, wamemlaza dirishani kama mlivyonilaza mimi, na haya ninayosema wanayasikia kupitia waya mliouvuta asubuhi. Gidioni hawezi kunijibu kwa mdomo tangu kiharusi kilipomchukua ulimi. Lakini mkono wake wa kushoto bado unashika kikombe, basi na nyundo ya kugongea kisanduku unaweza kuishika. Ninachotaka kabla sijaondoka ni agonge mara moja tu, nijue amenisamehe na mimi nimemsamehe.

Nigeuze. Ngoja. Hapana, bado.

Mmenicheka sana kwa hizi simu za waya, na mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa wa kwanza. Mlisema mzee ameacha kahawa anakusanya masanduku. Sawa, chekeni, lakini msikilize, kwa sababu nikishazikwa watakuja watu na maneno matamu kuwauzia za uongo. Simu ya waya haina umeme wala betri. Ni sanduku la mbao lenye bati jembamba lililowambwa kama ngoma, na katikati ya bati kuna kifungo, na kwenye kifungo umefungwa waya uliokazwa mpaka sanduku la pili, na sauti inasafiri kwenye waya wenyewe. Nilizipata Rau kwa fundi seremala, nikazipata Chekereni kwenye ghala la mpunga, nikazipata Bomang'ombe kwa wauza vyuma chakavu, na huko Bomang'ombe waliniuzia simu ya kawaida iliyotolewa utumbo, nikarudi nayo kifua mbele. Kwa hiyo igeuzeni kwanza nyuma. Mkiona matundu ya skrubu palipokaa betri, mrudishieni mwenyewe. Halafu pitisheni kidole pembeni mwa bati. Simu ya kweli haina kengele, mtu anaita kwa kugonga na nyundo ndogo ya mti, na miaka ya kugonga inaacha shimo inamoweza kulala ncha ya kidole. Na mwisho wekeni mbili ubavu kwa ubavu. Zilizozaliwa pamoja zimepasuliwa kwenye ubao mmoja, mistari ya mbao inatoka hii inaingia ile. Hiki cha dirishani kina nusu ya jicho la mbao. Nusu nyingine iko kwa Gidioni.

Nasikia umeshapanga, Wilson, kwamba mtagawana kisanduku kimoja kimoja, ili asipunjike mtu. Haki ya namna hiyo ndiyo iliyotumaliza sisi. Baba yetu alipewa jozi hii na mlowezi wa shamba la kahawa aliyekuwa anarudi kwao, na alipokufa ukoo ulikaa, ukampa Gidioni kihamba, shamba la ukoo la ng'ambo, kwa kuwa ni wa kwanza, ukanipa mimi nyumba hii kwa kuwa ni wa mwisho, na kisanduku kimoja kila mtu. Tulifurahi. Kila asubuhi aligonga, nikamwamkia, akaniuliza ng'ombe wameamkaje. Kisha akapanda mgrivea ukingoni mwa korongo, ukakua, tawi likalala juu ya waya. Waya ukiguswa hata na jani, sauti inakufa. Nikamwomba akate tawi, akasema kahawa yake inataka kivuli. Sikumwomba tena, naye hakunigongea tena. Tukawa tunaonana kanisani tunatikisiana vichwa, mpaka mkazaliwa, mkakua, mkaondoka.

Upepo wa masika haya umeuangusha ule mti. Sikuuangusha mimi, na Gidioni hakuukata. Ulianguka wenyewe wakati yeye hana ulimi na mimi sina miguu, na daraja limekwenda na maji, na daktari amesema nisiinuliwe. Nimelala hapa nalitazama paa lake kupitia dirisha hili, mwanaume mzima, siwezi kufanya kitu.

Na wewe, Wilson, nilipokuomba upeleke isale, jani letu la kuombea msamaha, ukalipiga picha, ukamtumia Yuditha, binti wa Gidioni. Isale halitumwi kwa simu, mwanangu. Isale linachumwa mpakani, linafungwa fundo, linabebwa mkononi na mtu aliyekubali kuloa umande, na ndiyo maana aliyeletewa hawezi kulikataa. Yuditha alimwonyesha baba yake ile picha, kaka yangu akageukia ukutani, na alipomwekea simu sikioni aisikie sauti yangu, akaisukuma. Leo Elinipendo ameteremka korongoni mwenyewe na jani mkononi, na sketi yake ya kanisani.

Nigeuze, Aikaeli. Kimya, wote.

Hicho ni nini? Ni wewe umegonga meza? Basi usisogee.

Nasikia mtu anapumua. Ni yeye, pumzi yake ilikuwa inapiga mluzi tangu tukiwa watoto, tukilala kitanda kimoja. Kaka, shikamoo. Ni mimi Eliakimu. Isale unaliona, limeshikwa na mwanao Elinipendo. Ng'ombe wameamka salama.

Maji kidogo. Yatosha.

Nyumba hii ni ya Aikaeli, kama desturi ya mtoto wa mwisho. Migomba ya juu na kahawa yake ni ya Wilson. Simu zote, jozi kwa jozi, ni za Elinipendo, na wazee wa ukoo wakisema mtoto wa kike harithi, waambieni nimesema nikiwa na akili zangu. Asiuze kimoja akabaki na kimoja. Kisanduku hiki kisitoke dirishani Gidioni akiwa hai. Nizikeni pale chini, nikielekea ng'ambo. Mungu awalinde, wanangu, maji ya mfongo, mfereji wetu, yawafikie, watoto wenu waamkiane. Asiyepata nilichotaka kumpa anisamehe, sina... sina nguvu ya kueleza tena.

Bado anapumua. Hajagonga.

Nikinyamaza kabisa, msikimbilie kulia. Mmoja wenu aweke sikio hapa nilipoliweka mimi. Akigonga, iwe kesho, iwe lini, msimwambie amechelewa. Mwamkieni, kisha mgonge mara moja, kama ningegonga mimi.

Nigeuze, Aikaeli. Upande wa sikio.