Mzee Kwanini na Sumaku ya Kumi na Sita

Marehemu, ambaye sote tulimzoea kwa jina la Mzee Kwanini, alizaliwa tarehe 4 Agosti 1948, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mkunga. Mama yake alipenda kusimulia kwamba watoto wengine walianza kusema kwa kuita "mama", lakini huyu alianza kwa "nini hicho?" Waliomfahamu hawakubisha.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1956 hadi 1964. Siku moja mwalimu wa sayansi alinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi, akaweka sumaku chini yake, na unga ukajipanga mistari. Marehemu akauliza kwa nini.

"Ndivyo ulivyoumbwa," mwalimu akajibu.

"Na nani aliuambia usimame wapi, Bwana Mwalimu?"

Kwa swali hilo alipewa adhabu ya kufagia darasa. Alikusanya unga wote kwa ile ile sumaku, akamaliza kabla wenzake hawajafika getini, na swali lake akaenda nalo nyumbani.

Mwaka 1966 aliajiriwa katika karakana ya magari, akawa fundi umeme. Humo ndimo alimokutana na gari la mwaka 1919, mali ya mwenye karakana. Injini yake haikutegemea betri. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ilibeba sumaku kumi na sita zilizopinda kama kwato. Zilipozunguka mbele ya koili, yaani nyaya zilizoviringishwa, zilizaa umeme wa cheche. Mashine inayojitengenezea umeme wake ilimkosesha raha. Mwenye karakana alipostaafu mwaka 2003 alimwachia gari hilo, likiwa limekwisha kunyamaza.

Mwaka 1977 mshonaji wa duka la jirani aliingia karakana kuomba kitu cha kuokotea sindano sakafuni. Marehemu alimpa sumaku moja ya akiba ya gari lile, pamoja na kipande cha chuma cha kulaza juu ya ncha zake.

"Ukimaliza kazi, izibe mdomo hivi. Ikikaa wazi, inapoteza nguvu."

"Kumbe sumaku nayo hufungwa mdomo? Wewe je, wamekushindwa?"

Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1979, wakajaliwa binti mmoja. Sumaku ile ilikaa kwenye meza ya cherehani zaidi ya miaka arobaini na saba, na haikulala wazi hata siku moja.

Oktoba 2024 madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka. Marehemu alitaka kujua umeme wa moyo unatoka wapi. Daktari akamwambia moyo hujizalishia wenyewe. "Basi tunafanana na lile gari," akasema, na tangu hapo akawa na haja moja tu: kulisikia likinguruma kwa umeme wake, bila betri, ajue kama alilielewa.

Binti yake, ambaye naye ni fundi, aliishusha injini. Marehemu, akiwa kitini, alizijaribu sumaku moja moja kwa jiwe la mizani la kilo moja. Iliyoinua ilirudi kazini, iliyoangusha ilistaafishwa. Sita ziliangusha. Kwa muuza vyuma chakavu zilipatikana tano.

"Mzee Kwanini, acha kuikodolea macho sumaku yangu," mkewe alimwambia.

"Nashangaa tu inaendeleaje."

"Inaendelea vizuri kuliko wewe. Haya, chukua. Sindano nitaziokota na nini, kwa macho haya?"

Iliinua jiwe, ikalishikilia.

Injini ilirudishwa tarehe 22 Februari 2025. Kwa betri ilishika. Ilipohamishiwa kwenye sumaku zake ikakohoa, ikazima. Marehemu, ambaye sasa hakuweza kuondoka kitandani, alilipokea jambo hilo kama mtu aliyeletewa barua. Aliwaza siku mbili. Siku ya tatu akamwita binti yake.

"Zile tano tulizipima ncha kwa sindano ya kuning'iniza?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ya mama yako?"

"Hukuipima. Ulisema ile unaijua."

Sumaku ina ncha mbili tofauti, na kwenye flaiwili ile kila ncha hukaa jirani na ncha ya aina yake. Sumaku moja ikigeuka, huvuruga umeme wa wenzake. Fundi mwenye uzoefu wa miaka hamsini na minane aliacha kuipima ile moja aliyoiamini.

"Miaka yote hii," mkewe alisema, "na bado hujui nimegeukia wapi!" Marehemu alicheka hadi akashikwa na kikohozi.

Injini ikashushwa tena. Daktari alimnong'oneza binti asichelewe.

Jumamosi tarehe 8 Machi, saa nne asubuhi, dirisha la chumba chake lilifunguliwa na gari likawashwa uani. Halikukohoa.

"Waya wa betri uko wapi?" marehemu akauliza.

Binti alikuja dirishani, akauinua kwa mkono wenye grisi, na injini nyuma yake ikiendelea kunguruma. "Huu hapa, Baba."

Alifumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu. "Kumbe," akasema.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke, binti, wajukuu wawili na dada mmoja. Mkewe sasa anaokotea sindano kwa mojawapo ya zile sumaku sita zilizochoka: kilo haiwezi, sindano inaziweza zote, na kila jioni huzibwa mdomo.

Bwana na ampe pumziko lenye amani. Na kama bado ana swali, amefika kwa anayejua.