Mama Niliyemweka Mlangoni

Asifiwe Bwana aliyenivumilia, ndugu zangu, maana mimi mwenyewe kujivumilia nilishashindwa. Mnanijua kama Mama Neema wa kwaya, yule anayewagombeza wanaochelewa mazoezi. Wengi hamjui kwamba zamani nilikuwa mwandishi wa kujitegemea wa habari za gemu. Ndiyo, gemu, zile za kwenye televisheni. Msicheke, niacheni nimalize.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja hapa Lushoto, nikapunguzwa kazini, nikabaki na taipureta kuukuu isiyo na herufi ya kuaminika. Kila kitu kilikuwa kinaingia nchini: mitumba, redio, magazeti ya watu binafsi mpaka hujui uanze na lipi. Mgosi Athumani, mgosi ndivyo Wasambaa tunavyomwita mwanamume, aliyekuwa akiuza mafuta ya taa karibu na stendi, akashuka Dar es Salaam, akarudi na televisheni na mashine ya gemu, akafungua kibanda. Siku moja niliingia pale kujikinga mvua. Mvua ikakatika, mimi sikutoka. Kulikuwa na gemu ya shujaa mwenye upanga, anapita misitu na mapango, anazishinda ngome saba. Nikasema moyoni, hizi ni habari, na hakuna anayeziandika. Nikamwandikia mhariri wa gazeti moja la wiki. Akajibu mstari mmoja: leta tuone.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Gemu ile ilikuwa haikumbuki ulipofika. Umeme ukikatika, unaanza tena msitu wa kwanza. Na umeme wetu mnaujua, mvua ikinyesha kule juu mlimani Magamba, mjini kote kimya. Mara sita nilifika ngome ya saba, na mara sita nikabaki natazama uso wangu mwenyewe kwenye kioo cheusi. Jamani, nilichoka.

Kupeleka makala nako ni ugomvi mwingine. Niliweka bahasha ndani ya tenga la kabichi, kama tunavyotuma kila kitu huku kwetu, lori liifikishe sokoni Dar, binamu yangu aipokee aipeleke gazetini. Makala ya kwanza ilifika imelowa, haisomeki hata neno. Ya pili, dereva alifungia maandazi pale Mombo, na akaniambia bila aibu kwamba karatasi yangu ilikuwa nzuri, haipitishi mafuta. Nyumbani nako baba yangu, mzee wa kanisa, kila tukikaa kula ananiuliza kama yule shujaa wangu ameshaokoka.

Ya tatu ilifika salama. Mhariri akaleta ujumbe: imekaa vizuri, lakini wasomaji watataka kujua mwishoni kuna nini. Andika mwisho, nitaichapa.

Mwisho wenyewe sikuujua, na umeme ulikuwa haujarudi siku ya nne. Ndugu zangu, nilidanganya. Niliandika kwamba ngome ya saba ikianguka, mlango unafunguka, na mama yake shujaa amesimama pale anamngoja. Nikaona umependeza, nikautia kwenye tenga.

Ikachapwa, na jina langu juu. Athumani akabandika gazeti ukutani kwake. Watu wakapanda kutoka Soni, wengine Mombo, kuja kumtafuta yule mama. Nikawa natembea mjini kichwa juu, na moyoni najua ninachokijua.

Kati yao alikuwepo Joakimu, mchuma chai wa shamba moja la huku milimani, mtu wa Njombe. Kila siku yake ya mapumziko alikuja na miguu yake, akakaa, akacheza, hasemi na mtu. Nisiwafiche, alinikera. Aking'ang'ania ile pedi ya kuchezea, wengine tulisahau zamu.

Siku moja ambayo mimi sikuwepo, nilikuja kusimuliwa tu, umeme ulikaa. Ngome ya saba ikaanguka mikononi mwa Joakimu, kibanda kizima kikasimama. Kioo kikawa cheusi, yakapita majina ya waliotengeneza ile gemu, yakaisha, ukarudi msitu wa kwanza. Mlango hakuna. Mama hakuna.

Joakimu akanifuata mpaka nyumbani. Alibisha hodi, akampa baba shikamoo yake, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, mama yuko wapi?"

Nikamfokea. "Kaka, ile ni gemu tu. Mtu mzima unatafuta mama kwenye televisheni?"

"Najua ni gemu," akasema. "Mimi niliondoka nyumbani bila kuaga, huu mwaka wa tisa. Nilitaka nimwone mama wa hivyo, anamwambia nini mtoto akirudi."

Akaaga, akaondoka. Baba alikuwa amesikia yote.

Nilipiga magoti palepale jikoni, wala sikuomba kwa maneno mazuri. Nilimlalamikia Mungu. Kwa nini umeme, kwa nini kabichi, kwa nini yule dereva na maandazi yake. Nilipomaliza kulalamika, lilibaki jambo moja ambalo si la umeme wala la kabichi: nilisema nimeona nisichokiona, na mtu akakiamini.

Nikamwandikia mhariri kukiri. Akajibu kwamba gazeti halina nafasi ya masahihisho ya gemu. Hata kutubu nako foleni! Basi nikachapa mwenyewe: "Nilidanganya. Sikufika mwisho. Hakuna mama." Siku ya soko nikaibandika kibandani juu ya makala yangu, nikasimama pembeni yake watu wakisoma. Walinicheka mpaka wauza karoti wakaja kuuliza kuna nini. Athumani alininunia kwa kumfukuzia wateja. Lakini ndugu zangu, kile kitu kilichonikaba tangu gazeti litoke, kiliniachia pale pale. Huo ndio ukombozi wangu.

Nikaenda shambani kumwomba Joakimu msamaha. Kisha nikamwomba anisimulie ngome ya saba, maana yeye ndiye aliyeiona. Niliandika alivyosema, na jina lake kama shahidi. Makala ikaenda kwa tenga lilelile, ikafika, ikachapwa. Baada ya hiyo niliandika miaka mingi, na nilipokwama nilisema wazi: hapa ndipo nilipofika, umeme ukakatika. Wasomaji waliipenda hiyo kuliko ule mwisho wangu wa uongo.

Joakimu aliomba likizo, akaondoka na lile gazeti. Mwezi ukaisha, nikasikia hodi. Niliogopa hata kumuuliza. Akasema mwenyewe: mama hakuwa mlangoni. Alikuwa uani anapepeta maharage. Alimtazama, akaweka ungo chini, akasema, "Umekula?"

Namshukuru Mungu kwa umeme uliokatika, ingawa kwa yule dereva bado naombewa. Na wewe uliyekwama, usijibunie mwisho. Sema ulipofika, mwachie Bwana palipobaki. Na kama kuna nyumba uliiacha bila kuaga, magari ya kushuka Mombo yanaanza alfajiri. Nenda. Utaulizwa kama umekula.