Tunachozika Leo na Kilichobaki Maabara

Mdogo wetu, mtoto wa tatu na wa mwisho wa mama yetu mshonaji, alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, akilia hadi majirani wakaamka. Mapafu yake hayakuwa na shida yoyote siku hiyo.

Alianza shule mwaka 1986, na mwaka 2001 akapata stashahada ya maabara. Wa kwanza darasani hakuwa. Tusimpambe kwa kuwa amekufa. Alikuwa king'ang'anizi tu.

Kuanzia 2002 alifanya kazi katika maabara ya magonjwa ya kuvu. Alimwaga mbegu za kuvu, ndogo kuliko vumbi, juu ya seli za mapafu zilizooteshwa kwenye kisahani, akasuuza mara tatu, kisha akahesabu kwa hadubini zilizobaki zimenata. "Dada, kila siku tunazivuta," aliniambia. "Nyingi zinatoka. Ugonjwa unaanza na ile iliyopata pa kushika."

Tarehe 14 Agosti 2004 alifunga ndoa, wakajaliwa mabinti pacha. Nyumbani nako alisuuza vikombe mara tatu, hadi mkewe akamwuliza, "Baba Pacha, hivi vikombe vimekukosea nini?"

Mwaka 2019 aliugua kifua kikuu. Alipona, lakini tundu likabaki kwenye pafu, na humo kuvu ikaota. Yeye aliyeijua kuliko sisi sote! Inauma, jamani, inauma sana. Alipopasuliwa Juni 2024, aliomba nyama ya pafu isiyo na ugonjwa, iliyokatwa pembeni mwa tundu, ipelekwe kazini kwake. Seli zake zikaota, na wenzake wanazitumia kutafuta dawa ya kuizuia kuvu isishike. Alikata roho Jumapili, tarehe 4 Mei 2025, saa mbili asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Mama alikataa katakata seli hizo zibaki maabara. "Nilimzaa mzima, namzika mzima." Juzi mkuu wa maabara alikuja nyumbani, tayari kuzileta zizikwe naye. Mama akamwuliza, "Zimekufa?"

"Hapana, mama. Zinaishi. Bado zinaongezeka."

Mama alilia kwanza. Kisha akasema, "Basi mimi sitazika kitu cha mwanangu kilicho hai. Rudi kazini, baba, ukanitunzie."

Marehemu ameacha mama, mjane, mabinti wawili, kaka yetu, na mimi dada yake ninayesoma haya. Ameacha pia visahani sita vya seli zake, vyote vikiwa hai. Yeye apumzike kwa amani. Hizo ziendelee na kazi yake.