Fundi Sikio na Friza ya Ukweni

Wazee wetu, mashemeji, majirani, mafundi wenzake marehemu, na nyote mliosimama juani kwa kukosa viti, familia imenipa mimi, mdogo wake wa kumfuata, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu tuliyezoea kumwita Fundi Sikio, na nimeombwa nifupishe, nami nitajitahidi, ingawa marehemu mwenyewe hakuwahi kufupisha jambo lolote tangu alipojua kusema.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1967, katika nyumba ya chumba na sebule nyuma ya kiwanda cha barafu, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, na mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alitoka akipiga kelele kama mtu aliyechelewa kazini, akanyamaza aliponyonya, kisha akaendelea alipoishia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na kumaliza darasa la saba mwaka 1981, ambapo mtihani ulimkataa naye akaukataa, na kwa miaka mingi alijisifu kwamba siku alipoaga, mwalimu mkuu alitoa machozi, jambo ambalo ni kweli, nilikuwepo, ila tuliokuwepo tulijua ni machozi ya furaha.

Mwaka 1983 alipokelewa na mjomba wetu katika karakana ya majokofu, akafundwa kwa miaka kumi, na mwaka 1993 akafungua banda lake mwenyewe la mabati, ubavuni mwa saluni, na hapo ndipo alipopata jina la Sikio, kwa sababu kabla hajafungua mfuko wa vifaa aliegemeza sikio ubavuni mwa friza, akafumba macho, akasikiliza mota inavyoguna, kisha akatangaza ugonjwa kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu. Lakini kabla ya sikio alikagua soketi, maana alisema friza nyingi zinazoitwa mbovu zimechomolewa tu na mtu aliyetaka kuchaji simu, akabana karatasi mlangoni na kuivuta, na ikitoka kirahisi akajua mpira wa mlango umelegea na baridi inatoroka, halafu akazunguka nyuma kupangusa vumbi lililoziba mabomba ya kutolea joto. Alikuwa na majivuno, hatutasema uongo mbele ya jeneza, alidai friza mbovu zikisikia hatua zake zinapona zenyewe, na mimi nilishuhudia hilo mara moja kwa macho yangu, ijapokuwa wapo wanaosema ni umeme uliokuwa umerudi.

Tarehe 22 Juni 1996 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, mjane mnayemwona hapa, wakajaliwa binti, ambaye sasa ni mwalimu, na kijana anayejifunza udereva wa malori, na napenda mjue kwamba duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu wa kumzima kaka yetu akishaanza kujisifu, naye ni mkewe, alimwambia tu, baba, meza mate, na yule bwana akameza, akakaa kimya kama redio iliyoishiwa betri.

Sasa nafika mwaka 2012, na hapa mzee mmoja amenikonyeza niruke ukurasa, lakini mjane ndiye aliyeagiza yasomwe yote, kwa hiyo mwenye kununa asininunie mimi.

Oktoba ya mwaka huo mama mkwe wake alikuwa na friza ya kusimama, ndefu kuliko yeye mwenyewe, iliyokuwa ikijaa barafu hadi milango ya ndani haifungi, na marehemu akaenda akabadilisha mpira wa mlango, akasafisha, akatangaza uani kwamba friza hiyo itawazika wote, kisha akamshika mama mkwe mkono kwa adabu na kumwonyesha kwamba katika friza ya namna ile rafu zenyewe ndizo mabomba, gesi inapita pale pale unapolaza nyama, kwa hiyo barafu ikizidi azime, aache mlango wazi, aweke beseni la maji ya moto ndani na asubiri, asiguse kwa kisu hata akiwa na haraka ya namna gani. Mama mkwe akacheka, akasema, mwanangu, mimi nimeanza kushika barafu wewe hujajua kutambaa.

Baada ya majuma machache ikaja harusi ya binti wa mwisho wa mama mkwe, nyama ya wageni wote ikaletwa kwa mkupuo, na friza ikakutwa imeota barafu tena, kwa kuwa watu walikuwa wakifungua na kufunga mchana kutwa, na kilichofuata tulikuja kukielewa baadaye, kwamba mama, akiwa peke yake jikoni na wachinjaji wakipiga hodi, alichukua kisu cha kukatia nyama, akagonga, akachokonoa, bomba likatoboka tundu dogo la ncha ya kisu, gesi ikatoka kwa mluzi kidogo, akafunga mlango. Mota iliendelea kuguna vizuri kabisa, ingawa bila gesi haikutoa baridi, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, mpaka siku ya tatu, asubuhi ya harusi, harufu ilipowatoa wapishi jikoni mbio.

Marehemu aliitwa akiwa amekwisha vaa suti, akaja nami nikimshikia tochi, akakuta ukoo mzima umejaa jikoni, akaingiza gesi kidogo, akapaka povu la sabuni kwenye rafu kutafuta inapovujia, na kwenye rafu ya pili povu likachemka, likatoa kipovu kimoja kikubwa, na kandokando yake palikuwa na michubuko mirefu ya kisu, mipya, inang'aa, mimi niliiona kama ninavyoziona herufi hizi. Akageuka akamtazama mama mkwe, na mama akatazama sakafu. Sasa, ndugu zangu, mtu ambaye tangu azaliwe mdomo wake hauna breki, aliufunga mlango wa friza taratibu, akasema tu kwamba imechoka, basi, maana hakuweza kumvua nguo mama wa mkewe mbele ya wakwe wapya waliokuwa sebuleni, na alitegemea kwamba mama, wageni wakishaondoka, atasema mwenyewe kwa wakati wake.

Mama hakusema. Shemeji mkubwa ndiye aliyesema, tena kwa kelele, sikio gani hilo lisilosikia nyama inaoza, na mwingine akadakia kwamba huyu atakuwa amechomoa kompresa nzima akaweka kopo, na watu wakacheka, na kwa kuwa hawakuwahi kumwona Fundi Sikio akinyamaza, kimya chake wakakihesabu kuwa ndiyo kukiri. Wageni walikula wali mkavu, harusi ikawa gumzo, na wateja wake wakaanza kupita mbele ya banda wakiangalia upande wa saluni.

Mkewe alimuuliza nyumbani, niambie, ni mkono wako, naye akajibu, kamuulize mama yako, na jibu hilo likapokelewa kama tusi, ingawa alikwenda kweli kumuuliza, na mama akalia, na mtoto anayemwona mama yake analia haendelei na maswali. Mwezi Desemba mkewe alibeba cherehani na watoto akarudi kwao. Nilimwambia kaka, sema, au nitasema mimi, akanijibu kwamba nikifungua mdomo nisikanyage tena karakanani kwake, na kwamba mwanamke akirudi kwa sababu mama yake ameaibishwa, huyo hajarudi, amefukuzwa kwao tu. Kwa miaka kumi alipika mwenyewe, akala mwenyewe, akiwangoja, na watoto wake walikua wakiambiwa kwamba baba yao aliharibu harusi ya mama mdogo.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2020, na tarehe 18 Oktoba 2022 alilazwa wadi ya wanaume, na baada ya juma moja, saa ya kuona wagonjwa, aliingia mama mkwe ameshika fimbo, na nyuma yake binti yake, mke wa marehemu, amebeba chupa ya uji. Sote tukasogea, tukajua leo jambo litasemwa. Mama akakaa, akauliza hali, akakohoa, kisha akasema, mwanangu, ile friza mpya nayo imeanza kuota barafu, nifanyeje. Mimi nilitoka nje kidogo ili nisitukane hospitalini, nikarudi, nikamkuta kaka, kwa sauti iliyobaki, anamweleza upya bila hasira, zima mama, acha mlango wazi, weka maji ya moto, usifanye haraka, safari hii kisu kiache jikoni. Aliposema safari hii, mkewe aligeuza shingo akamtazama mama yake, na mama akatazama sakafu vile vile kama siku ile, na hakuna aliyehitaji tochi.

Mkewe hakuondoka wadini tena. Alimwogesha, alimgeuza, alimwomba msamaha, naye akamjibu, mama, meza mate, wakacheka wote wawili, na tarehe 2 Novemba 2022, majira ya alasiri, alifariki mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupa viti na maji, mafundi wenzake waliofunga mabanda yao leo, na tunawashukuru ukweni kwa kufika, mashemeji mliomcheka mmesikia, na wewe mama, unayo siti ya mbele, hakuna atakayekugusa, yeye mwenyewe hakutaka uguswe.

Kaka, jana mkeo amerudisha cherehani nyumbani, ameiweka pale pale dirishani, watoto wamelala vitandani mwao. Wamerudi wote, wewe ndiye hupo. Pumzika kwa amani.